Mmenya Kamba Anayetaka Kazi ya Joto

Jua halijazama na jikoni kwa Chapuchapu hapapitiki. Ndoo imeziba mlango, mabeseni mawili ya barafu yamejaa chini ya meza, na mama mkwe wake ameweka kigoda katikati ya njia kwa sababu, anasema, hapo ndipo penye upepo. Kila Chapuchapu anapofuata chumvi husema, "Samahani mama," na kila mara mama husogeza goti moja tu.

"Mnaona napika, lakini mimi hapa nafanya mtihani," anasema Chapuchapu.

Wakati anasema hivyo mikono yake inamenya kamba, na macho yake yako kwenye sufuria ya wali. Kichwa kinang'oka, ganda linafuata, ule uzi mweusi wa mgongoni unatoka kwa ncha ya kisu, na kamba anatua kwenye beseni hana hata shati. Mwandishi wa makala haya alijaribu kumenya mmoja. Alipomaliza, mwenyeji wake alikuwa amemaliza bakuli zima, na yule mmoja wa mwandishi ilibidi atupwe kwa kuwa hakufanana tena na kitu cha kuliwa.

Kwa miaka tisa mama huyu wa watoto wawili amekuwa akimenya kamba katika kiwanda cha kusindika mazao ya bahari. Hulipwa kwa kilo, na ni kwa sababu ya kasi yake wenzake walimwita Chapuchapu. Jina alilopewa na wazazi wake, anasema, analisikia siku ya mshahara tu, na hata siku hiyo huchelewa kuitika.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kusimama, ndani ya chumba cha baridi, mbele ya meza ndefu ya bati. Mikono huzama kwenye barafu tangu asubuhi. Glavu zipo, lakini hazisaidii sana.

"Ikifika mchana vidole sivisikii kabisa. Inabidi nivitazame nijue kama vyote vimebaki," anasema na kucheka. Kisha kicheko kinakatika. Tangu mwaka jana vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekuwa vikifa ganzi hata siku za mapumziko. Aliangusha kikombe, akaangusha sahani, halafu siku moja akaangusha chupa ya dawa ya mama mkwe. Daktari alimwambia tiba ya kwanza ni kuachana na barafu.

"Nikamuuliza, sasa daktari, nikishaachana nayo watoto nitawalisha hewa?"

Jibu limejitokeza mwezi huu. Mpishi wa kantini ya kiwanda, ambaye kila mtu humwita Bibi Kantini, anastaafu. Uongozi umemwachia yeye apendekeze wa kumrithi, na waliobaki kwenye kinyang'anyiro ni wawili: Chapuchapu, na mwanamume wa kitengo cha kupakia anayejulikana kama Mzee wa Maboksi. Kwa wengine kantini ni mahali pa kula. Kwa Chapuchapu ni chumba pekee katika kiwanda kizima chenye moto.

Bibi Kantini hakutaka kuwapima kazini. Alisema upishi wa mtu huujui mpaka umkute kwake, na masufuria yake mwenyewe, huku watu wake wakimkera. Hivyo alijialika kwa wote wawili kula chakula cha jioni, kwa sharti moja: apikiwe kamba, tena upesi, maana mapumziko ya kiwandani ni mafupi na watu huja na njaa. Mzee wa Maboksi alimkaribisha Jumatano. Habari zilizosambaa kiwandani ni kwamba aliweka kamba mlima.

Leo ni zamu ya Chapuchapu, na maandalizi hayakuacha kitu. Watoto wamepelekwa kwa shangazi yao, kwa kuwa yule mdogo ana tabia ya kusema anachokiona. Mume wake, fundi viatu, ameazima kiti kizuri kwa jirani, amenyoa ndevu na kujikata mahali pawili, na amepewa masharti.

"Mume wangu ni mtu mwema, lakini akifurahi anahadithia soli," Chapuchapu anaeleza, mume mwenyewe akiwa hapo hapo.

"Soli zina mambo mengi," anasema fundi.

"Leo hazina. Jamani, nawaomba sana. Bibi akiwa mezani mtu asiseme chumvi imezidi, asiseme chakula kidogo, asiseme lolote. Ukikutana na tatizo, meza na maji. Na wewe mwandishi pia."

"Hata mimi?" anauliza mama mkwe.

"Mama, wewe hasa."

Mama mkwe anasogeza goti la pili, kuonyesha kwamba amekasirika.

Mapishi yenyewe hayana mbwembwe. Siagi inayeyuka kwenye kikaango, kitunguu saumu kinaingia, harufu inamtoa fundi sebuleni na kumleta mlangoni. Kisha kamba wanamwagwa wote. Wanajikunja, wanaanza kuwa na rangi ya waridi, na hapo, anasema Chapuchapu, hakuna kuzubaa. Kamba akipitiliza anakuwa mgumu wa kutafuna kutwa. Huwatoa kwanza, hutengeneza mchuzi mzito wa krimu katika kikaango kile kile, na kuwarudisha mwishoni kabisa ili wapate moto tu.

Anawainua kwa kijiko cha matundu. Wakati huo huo mlangoni inasikika, "Hodi wenyewe!"

Ni Bibi Kantini, na amewahi.

Hapa inafaa msomaji ajue jinsi kiwandani wanavyofundishwa. Kamba aliyemenywa haruhusiwi kupumzika. Anakwenda moja kwa moja kwenye barafu, anapangwa kwa ukubwa, beseni linafunikwa, linasukumwa mbele, na mmenyaji anashika lingine. Msimamizi akikuta kamba nje ya barafu hupiga kelele za kusikika mpaka getini. Beseni likishafunikwa, mmenyaji ameachana nalo. Halimhusu tena.

Chapuchapu anaitikia, "Karibu Bibi, karibu ndani!" na shingo yake imegeukia mlangoni. Mikono, kwa upande wake, inaendelea na kazi inayoijua. Inawatua kamba kwenye beseni safi lenye barafu, inawapanga wakubwa huku na wadogo kule, inafunika. Mguu unalisukuma beseni chini ya meza.

Mwandishi aliyaona haya yote kwa macho yake. Alidhani ndiyo mapishi yenyewe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimewahi, eh? Nimewahi makusudi. Endelea tu, usinijali."

Kumwambia mtu anayefanyiwa mtihani asijali ni kumwongezea jasho. Chapuchapu anakaanga kitunguu, anamimina krimu, anakamua ndimu, ananyunyiza pilipili manga, anaonja, anaongeza chumvi kidogo, anaonja tena. Mchuzi unakuwa mzito, unang'aa. Bibi Kantini ananusa kutoka sebuleni.

Mezani Chapuchapu anapakua huku akimtazama mgeni usoni, wala hatazami sahani. Wali, mchuzi juu yake, kotmiri kidogo. Yeye mwenyewe hali. Anasimama nyuma ya kiti cha mume wake, anang'ang'ania kitambaa cha meza na kuangalia mdomo wa Bibi Kantini ukifunguka na kufungika.

Fundi viatu anachota. Anachota tena. Anachungulia chini ya wali, kwa adabu, kwa ncha ya kijiko. Mama mkwe anainua macho, anamtazama mkwewe, anayashusha. Mwandishi naye anapekua sahani yake kona hadi kona. Hakuna anayesema neno. Tulikuwa tumekatazwa, na isitoshe mchuzi ulikuwa mtamu ajabu.

"Tamu," anasema Bibi Kantini hatimaye.

"Ahsante Bibi," anasema Chapuchapu.

"Niongeze kidogo."

Anaongezewa, anamaliza, anafuta sahani kwa kijiko mpaka inapiga kelele. Kisha anaomba maji ya kunywa, ya baridi kama yapo.

Chapuchapu anakwenda jikoni kuchukua barafu. Tunasikia kifuniko kikivutwa. Halafu ukelele ambao unamwinua fundi viatu na kiatu chake mkononi, akiamini nyoka ameingia.

Anarudi amebeba beseni kifuani. Ndani, juu ya barafu, wamelala kamba wote, wakubwa kushoto na wadogo kulia, wamepangwa kwa mistari.

"Wapo hapa," anasema. "Wote. Hata mmoja hajatoka."

Anaketi chini pale pale alipo, beseni mapajani, na analia. Si kilio cha kujionyesha. Ni cha mtu aliyekuwa amejihesabu ameshaingia kwenye joto, na sasa anaona mlango unafungwa, na aliyeufunga ni yeye.

"Nimejimaliza. Nimemwalika Bibi kula kamba, nimempa wali na krimu. Mbona hamkuniambia?"

"Si ulisema tumeze na maji?" anasema mume wake kwa unyonge. Yeye, anakiri, alidhani kamba wamewekwa wote kwenye sahani ya mgeni, akaona ni sawa.

Mama mkwe alikuwa na maelezo tofauti. "Mimi nilisema moyoni, haya, siku imefika. Mkwe wangu ameamua kunionyesha kwamba hapa si kwangu. Nikatazama sahani ya mwanangu, naye hana. Nikasema afadhali, tumefukuzwa wote."

Anaanza kucheka, mabega yakitikisika. Fundi anafuata. Chapuchapu analia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi kuliandika.

Bibi Kantini ndiye pekee asiyecheka. Yeye, anasema, alijua nyumba imepungukiwa, na kwamba mwenye nyumba amepika kamba wa kusadikika ili asiaibike. Ndiyo maana alikula bila kuuliza. Sasa anainama, anachukua kamba mmoja kwa vidole, anamtafuna akiwa baridi vile vile.

"Ameiva vizuri. Na kwa nini umewapanga hivi?"

"Sijui Bibi. Mikono tu."

Bibi Kantini anamshika mikono yote miwili ili amwinue, lakini haiachii. Anaigeuza, anaviminya vile vidole viwili vya kushoto. Chapuchapu anatazama pembeni kwa sababu si aibu tu anayoona, hata ule mminyo hausikii.

"Hii mikono imekaa kule muda mrefu kupita kiasi," anasema Bibi Kantini.

Kisha anarudi kwenye kiti cha jirani na kuivuta sahani yake.

"Nisikilize mwanangu. Juzi nilikula kamba mpaka nikachoka kuwatazama, lakini mchuzi niliuacha pale pale. Hapa nimekula sahani mbili za mchuzi mtupu, na maji niliyaomba ili nipate nafasi ya sahani ya tatu. Kamba kiwandani kwetu wamejaa, mtu yeyote atawatupia sufuriani. Mimi nastaafu, sitaki watu wangu walishwe na mtu wa kutupia. Jumatatu nakwenda ofisini kulitaja jina lako. Lile la wazazi wako, maana hilo lingine hawataliandika. Uwe unaitika."

Fundi viatu anaangua kelele ambazo majirani walikuja kuziulizia kesho yake. Mama mkwe anasimama, anakichukua kigoda mwenyewe na kukipeleka uani, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo jikoni panapitika. Kamba wanarudishwa kwenye kikaango, wanapata moto, wanagawanywa. Bibi Kantini anapata sahani yake ya tatu. Mume anaruhusiwa kuhadithia soli, na anazihadithia zote.

Uamuzi wa mwisho ni wa uongozi, na Chapuchapu hataki kusherehekea mapema. Lakini mipango tayari anayo. Akisimama jikoni anaosha vyombo, anasema kuwa anajua wenzake wanavyofika kantini: wamevua glavu, wana njaa, na kwa muda mrefu wanakaa mbele ya chakula wakikitazama tu kwa kuwa hawawezi kushika kijiko. Baadhi huona haya, hujifanya wanapiga soga. Mapumziko huisha wakiwa wamekula nusu sahani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza atakachopika si kamba wala mchuzi. Atachemsha chai, nyingi, na kila mmenyaji atapewa kikombe cha moto kabla ya sahani.

"Sitawapa ya kunywa," anasema. "Wakitaka watakunywa baadaye. Kwanza waishike."