Kinachopanda Juu

Nimekulia kwenye asali ya Sikonge, na jambo moja nalijua hata usingizini: ukiiacha ndoo itulie, uchafu hupanda juu. Nta, povu, mabawa ya nyuki. Unaengua, unatupa, na kinachobaki chini ndicho asali.

Basi fikiria presha iliyonipanda siku ile mjini Tabora. Mke wangu alikuwa amelala chumba cha pili akisubiri kuwekewa mbegu zangu, mara ya tatu, na kwa maneno ya daktari, ya mwisho kwa njia hii. Mimi nilisimama nje ya maabara nikichungulia kwenye kioo. Binti wa maabara alikuwa ameziweka mbegu chini ya kichupa chembamba, akamimina dawa safi juu yake taratibu, akakiacha kwenye joto karibu saa nzima. Sasa nikamwona anafyonza maji ya juu na kuyatunza. Kichupa chenye ya chini akakisogeza karibu na ndoo ya taka.

Nikagonga kioo. Sina subira, nilizaliwa hivyo.

“Shikamoo baba,” akasema akifungua mlango, glavu mikononi.

“Marahaba. Binti, unachukua povu, unamwaga asali.”

Hakucheka. “Hizi zinaogelea, baba. Zenye nguvu hupanda zenyewe hadi kwenye dawa. Zinazobaki chini zimekufa au zimechoka.”

Nikakitazama kile kichupa. Chini palikuwa na ukungu mzito.

“Zimepanda nyingi?”

“Chache. Tutatumia hizo hizo.”

Nikakaa kwenye benchi. Miaka tisa mama yangu amemwita mke wangu tasa mbele yangu, na mimi nikaendelea kula. Daktari alikwisha kutuambia wote wawili kwamba kasoro iko kwangu. Mke wangu alisikia, akanisitiri. Mimi nilisikia, nikanyamaza, nikamwacha abebe. Niliogopa, basi. Na pale kwenye benchi niliogopa zaidi, maana zile chache ndizo tulizokuwa nazo.

Simu ikalia. Mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Wamemkuta na nini huyo mwenzio?”

Sauti ya mama husikika hata simu ikiwa mbali na sikio. Kupitia mlango wa chumba cha pili, uliokuwa wazi, nilimwona mke wangu amegeuza uso ukutani.

“Mama,” nikasema, “anayetibiwa ni mimi.”