Waya wangu kwenye gari ya fundi

Jamani, leo nimelipiza na roho imetulia!

Asubuhi shambani nawasha trekta langu kongwe, stata inazunguka kwa unyonge: ngu… ngu…

Namwita Fundi Haji, aliyelitengeneza wiki iliyopita. Anakuja na gari yake, hata hajainama. "Stata imekufa, Bi Asha. Kizee hiki kakizike."

Nikainama mwenyewe. Waya wangu mnene wa betri haupo, pana kiwaya chembamba! Ule wangu nliuviringia kipande cha kanga kilichoandikwa HASIDI.

Nikafungua boneti ya gari yake.

HASIDI huyo hapo!

Nikauchukua waya wangu, nikamtilia kiwaya chake. Trekta likanguruma mara moja. Gari yake? Ngu… ngu…

"Kizee hicho kakizike, fundi."

Nimemkosea, wenzangu?

Kile kipande cha kanga nimemfungia kwenye usukani. Akasome njiani, gari ikiwaka.