Mwitikiaji Wangu wa Lindi

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, kule Kawangware kutakuwa na siku za utamaduni. Watakuja wachoraji, wafinyanzi, wasusi wa vikapu, na watu wa kutafsiri hadithi kutoka lugha za nyumbani. Na mimi nimeitwa. Mimi, fundi wa vitanda wa hapa Lindi, mtaa wa mabanda si mbali na huko Kawangware, niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya! Nitasimulia hadithi ya bibi yangu kwa Kiluhya, msichana mmoja aisome kwa Kiswahili, baadaye iingie kitabuni. Nashukuru sana. Lakini mambo yalikaribia kuharibika.

Msichana huyo mtafsiri anakaa Gatina, hukohuko Kawangware, ni mtoto wa kwetu, Kiluhya anakijua. Alikuja kwangu na simu ya kurekodi. "Niaje, guka?" Guka ndiyo babu kwa vijana wa hapa. Zamani salamu hiyo ningeitafutia kiboko. Siku hizi najibu poa tu, maana anayekusalimu amekuona. Nikamkalisha kwenye kitanda ambacho bado sijakipiga vanishi. Mbao nzuri hizo, za saiprasi, ingawa siku hizi wanatuuzia mbichi, kitanda kinapinda kabla bwana harusi hajalala. Basi, nikaanza.

Yeye akanyamaza kwa heshima. Hata kukohoa hakukohoa. Nikafika pale binti anapovuka mto huku zimwi linamfuata, nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Akaja siku nyingine, ikawa vivyo hivyo.

Niliogopa. Ndugu zangu walioijua hadithi hiyo wote wamekufa. Wajukuu wangu Kiluhya wanachoelewa ni kile cha kugombezwa. Nikiipoteza mimi, imekwisha. Nikamwambia yule mtafsiri, "Mama, tafuta mzee mwingine. Kichwa changu kinavuja."

"Wacha hiyo, guka. Tujaribu tu mara moja tena."

Sasa, ng'ambo ya ukuta wangu wa bati anakaa mama mmoja Mjaluo, msusi wa vikapu. Naye ameitwa huko Kawangware, atapewa meza yake. Mama huyu hawezi kusikia mtu akiongea asiingie. Ukiongea na mbuzi, atakujibu yeye. Siku hiyo ya kujaribu tena alikuwa amekaa mlangoni kwangu, kikapu mapajani, akingoja chai yangu ichemke, kwa sababu anasema yake haina ladha. Nikaanza kusimulia. Nikapumua.

"Ee," akasema.

Nikaendelea.

"Ee, wacha!"

Kiluhya hajui hata cha kuombea maji. Lakini kila nilipopumua alitia neno, mikono inasuka, na mimi nikasukumwa mbele. Nikavuka mto, sikujua nimevuka. Zimwi likafa, watu wakala, chai ikamwagikia jiko.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwa bibi yangu hadithi haikuwa ya mdomo mmoja. Ukipumua, mtu anaitikia, akichoka mwingine anapokea. Tukisinzia sote, bibi alikunja miguu akasema zimwi nalo limelala. Hadithi sikuwa nimeipoteza. Nilikuwa nimezeeka bila wa kuniitikia, na sikulijua hilo. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa jirani asiyejua kunyamaza.

Mtafsiri akamgeukia. "Mama, utakaa na guka jukwaani?"

"Na vikapu vyangu atauza nani, hilo zimwi?"

"Leta hapohapo jukwaani. Usuke watu wakiona."

"Haya. Lakini huyu Mluhya wako asinipigie kelele kwa masikio."

Juzi mtafsiri alirudi kutusomea Kiswahili chake. Kitamu, kimenyooka. Jirani yangu alisikiliza mikono imesimama, maana ndiyo mara yake ya kwanza kujua alikuwa akiitikia nini. Tulipofika pale binti anapomdanganya mama yake kwamba anaenda kuteka maji, akanirukia.

"Mzee! Huyu mtoto anadanganya mzazi, na mimi nilikuwa hapa nasema ee, ee?"

"Ulisema. Tena kwa nguvu."

"Aa-a! Siku ile ya jukwaani, hapo sitakubali. Hapo nitasema hapana."

"Hadithi haisemi hivyo."

"Mimi nasema."

Mtafsiri alikuwa ameshachukua kalamu. Akaandika pembeni: *mwitikiaji anakataa*. Nilitaka kubisha, halafu nikaona jinsi binti wa hadithi atakavyopata taabu kuondoka nyumbani mama huyu akiwa mlangoni, nikacheka peke yangu. Nikawamiminia chai.