Ng'ombe wa kina Mwanahamisi

Leo nimemwita mtoto mwongo mbele ya darasa zima. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Somo lilikuwa dinosaria. Nikawaambia watoto kwamba wale wenye shingo ndefu walikula majani tu, nyama hawakuigusa.

Mwanahamisi akanyoosha mkono. "Mwalimu, tunajuaje? Mbona ng'ombe wetu anakula mifupa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Acha uongo, kaa chini," nikamwambia. Akakaa, machozi yanamlengalenga.

Ikanikaa moyoni. Tulipotoka shule nikamsindikiza hadi kwao. Hapa Miono mvua imetutupa mwaka huu, ardhi imebaki vumbi.

Mama yake akanipeleka nyuma ya zizi. Ng'ombe amebaki mbavu, anatafuna mfupa. Nausikia unavyovunjika.

"Mfupa wa nini huo, dada?"

"Wa ndama wake, mwalimu. Alikufa mwezi uliopita. Majani yako wapi?"

Jamani, ndama wake mwenyewe!

Hao dinosaria nao si walipatwa na njaa? Nani alikuwepo akaona walichokula?

Nimemwomba Mwanahamisi radhi palepale. Akajibu, "Haya, mwalimu," bila kunitazama.

Mngekuwa ninyi, kesho mngeingiaje darasani?