Saa tatu asubuhi laini yetu ilikuwa na watu kumi na moja

Watu wangu, leo nusura nihame laini mbele ya kila mtu.

Mnajua hapa Mukuyuni kura ni kusimama nyuma ya picha ya mtu wako.

Saa tatu, nyuma ya picha ya Mwalimu Muthoka tulikuwa kumi na moja. Laini ya mwenye mashini ya kusaga ilikuwa imefika geti ya shule.

Jamaa mmoja wa huko akaniita, "Wee kijana, hiyo ni laini ama mnangojea choo?"

Wakacheka. Mimi na aibu yangu, kidogo nihamie kwao.

Mwalimu akachukua koti, ati anaenda nyumbani.

Shangazi yangu Syombua akamshika mkono. "Ngoja, Mwalimu. Umeona wamama hapa? Leo ni mwethya, kikundi yao iko shamba inachimba mitaro pamoja."

"Na wakija watasimama kwangu?"

"Hiyo sijui. Lakini hata yule wa mashini hajui."

Saa sita wakaja wakiimba, majembe kwa mabega. Wengine walienda kwa mwenye mashini, siwadanganyi. Lakini wengi walikuja kwetu, nikashindwa kuhesabu.

Mwalimu ameshinda na koti bado iko mkononi.

Huyo shangazi, jamani! Nyinyi mngengoja?