Bonde Ukutani kwa Papa Thaddée

Kwa Papa Thaddée, pale Columbia Heights, Minnesota, huko Marekani, mwaka 2016 ulikataa kutoka Januari. Februari ilipoingia, binti yake Joyeuse alitaka kufunua ukurasa mpya wa kalenda ya sebuleni. Mzee aling'aka: "Toa mkono! Unafunika kwetu!"

Kwetu, eti! Joyeuse alipewa kalenda ile na bibi Mwingereza ambaye yeye Joyeuse alikuwa akimhudumia katika nyumba ya wazee. Chini ya picha yaliandikwa maneno madogo: Swaledale, kaskazini mwa Uingereza. Lakini macho ya mzee yalikuwa na ukungu, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Yeye aliona milima ya kijani isiyo na miti, mto bondeni, nyumba chache zimebanana kando ya kanisa, ng'ombe wametapakaa hadi mawinguni. Kama hiyo si Masisi, ni nini basi?

Maana Masisi, mashariki mwa Kongo, ndiko alikozaliwa, kwenye baridi ya milimani, akakua akifuata mikia ya ng'ombe. Vita vilipofika alikimbia na mkewe, Joyeuse akiwa mgongoni. Mke alimzika kambini. Walipofika Minnesota akafungasha mizigo katika ghala la Shakopee mpaka kiuno kikagoma. Miaka yote hiyo hakutaja kijiji chake hata kwa bahati mbaya, na Joyeuse hakuthubutu kuuliza.

Kalenda ikaja, jamani, mzee akafunguka! Kila asubuhi, kikombe mkononi, kidole ukutani. "Pale kwa shangazi yako. Kile kibanda cha peke yake malishoni, tulikuwa tunakamulia pale. Na mama yako nilimwona kwenye daraja lile, amelowa chapachapa, ananicheka mimi niliyeteleza!" Kuta za mawe tu ndizo zilizomtatiza. "Wamejenga baada yetu," alisema. "Watu wamepata nafuu."

Joyeuse angeanzia wapi kumwambia? Kila siku aliapa kusema, kila siku akameza maneno. Mama asiyemkumbuka alikuwa anarudishiwa kidogokidogo, na utamu wenyewe ulimuumiza.

Kisha mzee akamwalika Papa Rigobert aje kuona. Rigobert ni wa kijiji kilekile, na alikuwa amefika Saint Paul, mji jirani, juzijuzi tu. Yeye alibaki nyuma wenzake walipokimbia, na alimwambia Joyeuse peke yake kwamba kijiji kiliteketea chote, haikubaki hata nguzo. Mzee walikuwa hawajamwambia.

Jumapili baada ya ibada, Rigobert akasimama mbele ya kalenda, koti bado mwilini.

"Haya, nionyeshe," Papa Thaddée alimwambia kwa mbwembwe. "Nyumba yangu iko wapi?"

Joyeuse alibaki na bakuli la sombe, kile kisamvu cha kwao, mikononi, hajui alitue wapi. Rigobert aliwahi kufundisha Kiingereza kambini. Joyeuse aliyaona macho yake yakishuka kwenye yale maneno madogo, yakakaa hapo, yakapanda tena taratibu.

"Si ile, ya karibu na mto?" alisema Rigobert. "Na yangu hii, nyuma ya kanisa. Lakini wewe Thaddée, ng'ombe wako mpaka leo wanaingia shambani kwangu!"

"Shamba lako? Hukuwahi kulima hata boga, mvivu wewe!"

Wakabishana, wakacheka hadi mzee akapaliwa, na sombe ikapoa mezani.

Baadaye Joyeuse alimsindikiza mgeni hadi kituo cha basi. Theluji ilianguka ingawa ilikuwa Aprili. Alilia bila kujificha, na Rigobert alimwacha alie.

"Lile bonde la Uingereza," Rigobert aliuliza mwishowe, "watu wake bado wapo?"

"Wapo, papa."

"Nyumba zao hazikuchomwa?"

"Hapana."

"Afadhali," alisema Rigobert. Akajifuta uso kwa kiganja, akapanda basi.