Siku Mama Namba Aliporuka Foleni

Mama Namba alikuwa na sheria moja, na aliishika miaka yote aliyokaa kwenye dirisha la mapokezi la zahanati: hakuna anayepita mbele ya mwenzake. Anayetoka damu, mjamzito aliyeshikwa na uchungu, mtoto mwenye degedege, hao muuguzi aliwapokea mlangoni na hawakufika kwake kabisa. Wengine wote walichukua kibati kidogo chenye namba, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri kuitwa. Ndiyo maana watu walimpa jina hilo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye karatasi za mshahara.

Hakubagua. Mheshimiwa mmoja aliwahi kuja na dereva na mlinzi, akaambiwa viti viko pale, achague. Mumewe mwenyewe, siku jino lilipomvimba mpaka shavu likawa kama ameficha limau, alikwenda dirishani akidhani ndoa ni kibali. Akasukumiwa kibati.

"Mke wangu, ni mimi."

"Nakuona, baba watoto. Namba yako ikifika nitakuona tena."

Mumewe aliwasimulia wageni wote habari hiyo. "Nyie mmeoa wanawake," alikuwa akisema. "Mimi nimeoa geti la chuma."

Sheria ile ilikuwa nzuri, na sitaki mtu aicheke. Mahali ambapo mwenye sauti kubwa huhudumiwa kwanza, mnyonge hufia kwenye benchi. Mama Namba alilijua hilo kuliko wengi, kwa sababu mama yake mzazi alifia kwenye benchi la namna hiyo hiyo, huku wenye kujuana na mhudumu wakipita. Akamwachia binti yake mkubwa mtoto mchanga wa kulea.

Mtoto huyo, mdogo wake, ndiye aliyempigia simu. Alikuwa ameolewa ng'ambo, na moyo wake ulikuwa na kasoro iliyohitaji upasuaji.

"Dada, wamepanga keshokutwa asubuhi. Daktari anasema nitaamka. Lakini daktari hanijui. Njoo nikuone kwanza, ndipo niingie mle ndani."

"Nakuja."

"Usiseme unakuja kama unavyowaambia wagonjwa wako kwamba daktari anakuja."

"Mdomo wako huo hauna ugonjwa wowote. Nimesema nakuja."

Mjini kwao hakukuwa na ndege ya kwenda huko. Ilibidi apande treni asubuhi, avuke mpaka, ashukie kwenye kituo kilichoungana na uwanja wa ndege wa nchi jirani, kisha aruke jioni. Kati ya treni na ndege palikuwa na saa mbili tu. Mumewe alimbebea begi mpaka stesheni huku uso umemkunjamana.

"Na treni ikichelewa?"

"Kwa nini ichelewe? Ina ratiba."

"Mke wangu, treni haijachukua namba kwako."

Kwenye behewa alikaa uso kwa uso na kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa na karakana ndogo ya mageti nyuma ya stesheni ile ile waliyopandia. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo ya cheche. Alimwamkia kwa adabu, akampisha upande wa dirisha, na kabla hawajatoka mjini akawa ameshamweleza shida yake. Alikuwa amepata kazi ya miaka mitatu kwenye kiwanda cha kutengeneza meli.

"Wanatupanga kesho asubuhi, mama. Jina likiitwa nawe hupo, wanamchukua anayefuata. Hawana habari na mtu."

Mama Namba aliwaelewa watu hao vizuri. Akamwomba aone tiketi. Ilikuwa ndege ile ile.

"Basi tuko wawili," fundi akasema, akafurahi kama aliyekutana na ndugu. "Ukipotea unanifuata mimi, nikipotea nakufuata wewe."

"Na tukipotea wote?"

"Hapo tutakuwa tumetalii."

Mpakani ndipo mambo yalipoharibika. Maafisa walikuta sanduku lisilo na mwenyewe, na ikabidi mwenyewe atafutwe treni nzima. Walimkuta behewa la mwisho, amelala fofofo. Treni ilipoanza tena mwendo, zile saa mbili zilikuwa zimebaki kipande. Mama Namba alikaa wima, mkoba mapajani, akitazama nguzo zikipita. Fundi alijaribu kumpigia hesabu za kumpa moyo, kisha naye akaanza kuzitazama nguzo.

Treni ilipofika, fundi alinyanyua begi lake na la mama, akatoka mbio. "Kaza mwendo, mama! Mimi natangulia kushika foleni!"

Goti la Mama Namba halikuwa la kukimbia. Alipoingia kwenye ukumbi akihema, timu nzima ya wanafunzi wachezaji wa ndege ya usiku, waliovaa fulana za rangi moja, ilikuwa imeshajipanga nyuma ya fundi. Fundi akampungia mkono juu ya vichwa vyao.

"Mama, njoo huku! Nimekushikia nafasi!"

Hapo alisimama. Maneno hayo aliyasikia kila siku kazini, na kila siku jibu lake lilikuwa moja. Akalitoa bila kufikiri. "Nafasi haishikwi, mwanangu." Akachukua begi lake, akaenda mkiani. Wachezaji wawili walitazamana wakacheka. Fundi alitikisa kichwa, lakini naye alitabasamu.

Angeishia hapo, ningekuwa naandika habari za mwanamke aliyeikosa ndege kwa sababu ya msimamo wake, na ningeiandika kwa fahari. Lakini simu ililia.

"Dada, umeshapanda?"

"Niko uwanjani."

"Umeshapanda?"

Mbele kabisa, mhudumu wa kaunta alikuwa amesimama na kutangaza kwamba abiria wa ndege yao wafanye haraka, anakaribia kufunga. Mama Namba alikata simu, akatoka mkiani, akaanza kupita. Aliomba njia kwa neno moja tu, kwamba mdogo wake anapasuliwa moyo kesho. Hakuna aliyemkatalia. Wanafunzi walipasuka katikati kama pazia. Alipomfikia fundi, fundi ndiye aliyepaza sauti.

"Mpisheni mama, jamani! Ana mgonjwa! Pita, mama, pita."

Kati ya fundi na kaunta ilibaki familia moja yenye masanduku mengi na watoto waliochoka, nao pia wa ndege ya usiku. Nao walimpisha. Mhudumu alipokea pasipoti, akatazama kompyuta, akatazama saa ukutani.

"Uko peke yako?"

Fundi alikuwa hatua chache nyuma yake. Angegeuka tu, angemwona. Lakini Mama Namba alikuwa amekaa dirishani miaka mingi, na alijua uso wa mhudumu anayetafuta sababu ya kufunga. Akiambiwa wako wawili, huenda atasema amechoka, amechelewa, warudi wote kesho. Huenda. Hakujaribu kujua.

"Niko peke yangu."

Akapewa kadi ya kupandia ndege. "Una bahati, mama. Wewe ndiye wa mwisho." Na mhudumu akaweka juu ya kaunta kibao cha kufunga safari hiyo.

Alipogeuka kwenda langoni, fundi alikuwa bado nyuma ya ile familia, amejinyoosha kwa vidole vya miguu ili amwone. Alipoona kadi mkononi mwake, alimwinulia dole gumba. Kibao alikuwa hajakiona.

Mdogo wake alimshika mkono usiku kucha, wakagombana kidogo kuhusu shuka, akaingia chumba cha upasuaji akiwa ametulia. Aliamka. Wiki kadhaa baadaye Mama Namba alirudi kwa treni, na kabla ya kwenda nyumbani alizunguka nyuma ya stesheni kuitafuta karakana ya mageti. Huenda alitumaini kuikuta imefungwa. Ilikuwa wazi, na fundi alikuwa amechuchumaa juu ya geti, miwani myeusi usoni.

"Mama wa treni!" Akainua miwani. "Shikamoo. Mgonjwa vipi?"

"Marahaba. Ameamka, anakula, anatukana wauguzi."

"Basi huyo mzima! Mimi nilipofika kaunta nikakuta kibao. Yule dada wa kaunta akaniambia, ungekuwa na mwenzako mbele ningekuingiza naye. Nikacheka. Nikasema bahati yangu hiyo." Akapangusa mikono kwenye kitambaa. "Kiwandani wakamchukua aliyefuata. Usijali, mama. Ningesema mwenyewe, mdomo si ninao?"

Hapo angeweza kumshukuru akaondoka. Namsifu kwa hili moja, kwamba hakuondoka.

"Aliniuliza kama niko peke yangu," akasema. "Nikamwambia ndiyo."

Fundi alimtazama. Alitazama geti, akalisogeza kidogo, akalirudisha lilipokuwa.

"Hilo sikulijua," akasema. Kisha, bila ukali wowote, "Nina geti la watu hapa, mama. Wanalifuata leo." Akashusha miwani, na cheche zikaanza.

Wapo watakaomtetea Mama Namba kwa ajili ya mdogo wake. Nami simlaumu kwa kwenda mbele, maana aliomba, na watu wakampa nafasi zao kwa hiari. Lakini fundi hakuombwa nafasi yake kwenye ndege. Ilitolewa kwa niaba yake na mtu aliyemjua, aliyebebewa naye begi, kwa jibu ambalo halikuwa kweli.

Jumatatu alirudi dirishani. Mwanamume mmoja alimpita bibi aliyekuwa na kibati, akaegemea dirisha na kusema ana haraka. Mama Namba alifungua mdomo kumwambia arudi nyuma. Akalikumbuka jibu alilolitoa kule kaunta, akamwonyesha mlango wa daktari. Mwanamume akahudumiwa, na bibi akarudi kwenye benchi na kibati chake. Mwisho wa mwezi Mama Namba aliomba ahamishiwe stoo, na mpaka leo anapanga bandeji huko.

Fundi alipoteza kazi ya miaka mitatu. Dirishani yuko mhudumu mwingine, mpole, asiyependa ugomvi, na watu wenye sauti kubwa wanapita mbele ya wagonjwa waliofika kabla yao.